Beji ya Kijani Kwenye README: Inakaa kwa Nani?

Fungua ukurasa wa mradi wowote unaojulikana wa programu huria pale GitHub. Kabla hujafika kwenye sentensi ya kwanza inayoeleza mradi unafanya nini, macho yako yanapita kwenye msururu wa vibao vidogo: kushoto kijivu, kulia kijani, au njano, au nyekundu. Ujenzi umepita. Majaribio yamegusa asilimia 94 ya msimbo. Toleo 2.3.1. Leseni MIT. Hizi ndizo beji, na kama wewe ni mwanafunzi unayetafuta maktaba ya kuchorea grafu za tasnifu yako usiku wa manane, kuna uwezekano mkubwa kwamba uliiamini au uliikimbia maktaba fulani kwa kuangalia beji hizo tu. Msimbo hukuusoma. Nani ana muda huo?

Leo nataka tuzihakiki hizo beji, na hasa tuulize swali ambalo huulizwa mara chache: ile picha ya kijani inatoka wapi, inakaa kwenye seva ya nani, na siku seva hiyo ikizimwa, ule ukweli uliokuwa umeandikwa juu yake unakwenda wapi? Watu wengi wanalichukulia suala hili kama mambo ya mapambo. Lakini beji ni madai. Inakwambia jambo kuhusu hali ya programu ambayo pengine utaikabidhi data za utafiti wako, na madai yanapaswa kuwa na mtu wa kuyasimamia.

Tuanze na safari ya picha yenyewe, maana ni ndefu kuliko unavyodhani. Beji nyingi ni mafaili ya SVG, yaani picha iliyoandikwa kwa maandishi. Ukiifungua kwa kihariri cha kawaida utakuta mistari michache inayosema: chora mstatili wa kijivu, chora mwingine wa kijani pembeni yake, andika neno hapa. Kimo chake kwa kawaida ni pikseli 20, na uzito wake ni kilobaiti chache tu. Hata bando la mwisho wa mwezi halitalia. Ila faili hilo halimo ndani ya mradi. Ndani ya README kuna anwani tu.

Chukua mfano wa beji inayoonyesha tarehe ya badiliko la mwisho la msimbo, ile ya Shields.io. Wewe umefungua ukurasa, lakini kivinjari chako hakiendi Shields moja kwa moja. Tangu Januari 2014 GitHub inazipitisha picha za nje kwenye seva yake ya kati inayoitwa Camo. Sababu zake ni nzuri: mwenye picha hawezi kujua anwani yako ya IP, na picha inakufikia kwa njia iliyosimbwa hata kama ilikotoka hapakuwa salama. Basi, Camo inaiuliza Shields. Shields nayo haijui tarehe ya badiliko la mwisho, kwa hiyo inaiuliza API ya GitHub. GitHub inajibu, Shields inachora, Camo inapokea, wewe unaona. Yaani ombi limetoka GitHub, likaenda nje, likarudi kuiuliza GitHub kuhusu GitHub, likatoka tena, likarudi. Ni kama kumtuma bodaboda Kariakoo akaulize kama wewe mwenyewe uko nyumbani.

Kila mlango kati ya hiyo una namna yake ya kukwama. Camo haingoji milele; seva ikichelewa, unaona alama ya picha iliyovunjika. Camo pia ina kache, yaani huhifadhi nakala ya picha ili isiombe upya kila mara. Kama seva ya beji haikutuma kichwa cha HTTP kinachosema picha hii isihifadhiwe, au ihifadhiwe kwa muda mfupi tu, utaendelea kuonyeshwa picha ya zamani. Nyaraka za GitHub zenyewe zinaeleza jinsi ya kuifuta nakala hiyo kwa amri ya PURGE kupitia curl. Hebu fikiria hilo: kuna utaratibu rasmi wa kuifanya beji iache kusema uongo, lakini unamtaka mwenye mradi agundue kwanza kwamba beji yake inasema uongo.

Hapo ndipo nianzie lawama yangu ya kwanza. Beji iliyovunjika si hatari sana. Unaiona, unaguna, unaendelea. Iliyo hatari ni ile inayobaki kijani.

Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence aliandika makala kuhusu ishara katika soko la ajira. Mwajiri hawezi kukuona uwezo wako wa ndani, kwa hiyo anaangalia ishara kama shahada. Na ishara hiyo ina maana pale tu ambapo ni ghali zaidi kuipata kwa mtu asiye na uwezo kuliko kwa mwenye nao. Ikiwa kila mtu anaweza kuichapisha shahada pale stesheni kwa bei moja, basi ni karatasi tu. Watafiti wanne, Asher Trockman, Shurui Zhou, Christian Kästner na Bogdan Vasilescu, walilibeba wazo hilo hadi kwenye beji. Katika utafiti wao wa 2018 walipitia karibu paketi 295,000 za npm, ile hazina kubwa ya JavaScript, wakaangalia kama beji zinaendana na hali halisi ya mradi. Jibu lao lilikuwa la matumaini: beji zinazopimwa na mashine, kama ile ya ujenzi, ya kiwango cha majaribio na ya usasa wa maktaba tegemezi, kwa sehemu kubwa zilikuwa ishara za kuaminika. Zile ambazo mtu anajiandikia tu zilikuwa dhaifu zaidi.

Nayakubali matokeo hayo, lakini nataka uone yanategemea nini. Beji inayopimwa na mashine inaaminika kwa sababu kuna mashine inayopima. Thamani yote imo kwenye seva iliyo nyuma ya picha. Sasa angalia mambo yaliyozikuta seva hizo.

Travis CI ilianzia Berlin mwaka 2011, na kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo njia ya kawaida ya mradi huria kuendesha majaribio bila malipo. Kila ukituma badiliko la msimbo, mashine yao inajenga programu, inaendesha majaribio, na beji inageuka rangi kulingana na matokeo. Ule mtindo wa beji tunaouona leo ulizaliwa katika mazingira hayo. Januari 2019 Travis ilinunuliwa na kampuni ya Idera. Novemba 2020 ikaja na utaratibu mpya wa malipo ambao uliibana sana miradi huria iliyokuwa ikijaribiwa bure. Juni 15, 2021, travis-ci.org, anwani ambayo maelfu kwa maelfu ya README zilikuwa zikiielekea, ikafungwa.

Miradi yenye watu ilihama. Lakini programu huria nyingi ni kazi ya mtu mmoja ambaye amemaliza shahada, amepata ajira, ameoa au ameolewa, na repo imebaki palepale. Kwenye repo hizo mashine haipimi tena kitu chochote, na README bado ina mstari uleule. Ukiingia leo kwenye msimbo wa makala ya kisayansi ya 2017 na kukuta beji ya Travis, unaangalia kibao cha duka lililohama.

Na Travis si peke yake. Gemnasium, iliyokuwa ikitoa beji za usalama wa maktaba tegemezi, ilinunuliwa na GitLab mwaka 2018, na huduma yake ya zamani ikafungwa mwaka huohuo. Greenkeeper, iliyokuwa na beji ya kazi inayofanana na hiyo kwa watu wa npm, ilifungwa 2020 na watumiaji wakaelekezwa Snyk. Novemba 28, 2022 Heroku ilisitisha huduma zake za bure, na vijiseva vingi vya watu binafsi vilivyokuwa vikiishi humo, vikiwemo vya kuhesabu wageni na kuchora vibao, vikakosa pa kukaa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyevunja ahadi ya kisheria. Huduma ilikuwa ya bure, na bure ina tarehe ya mwisho hata kama haijaandikwa.

Kuna hatari nyingine hapa isiyozungumzwa sana. Huduma ikifa, jina la kikoa chake huisha muda na linaweza kununuliwa na mtu mwingine. Anayelinunua anarithi anwani zote zilizobaki kwenye README za watu. Anaweza kurudisha picha yoyote anayotaka, hata ya kijani, na kwa kuwa beji nyingi zimefungwa ndani ya kiungo, msomaji anayebofya anapelekwa anakotaka yeye. Camo inakulinda usifuatiliwe unapoiangalia picha. Haikulindi baada ya kubofya.

Sasa nije kwa Shields.io yenyewe, maana huwezi kuzihakiki beji ukaiacha. Niseme wazi kwamba naiheshimu. Muundo wa beji ulitungwa 2013 na Olivier Lacan, na msimbo wa seva ukatoka kwa Thaddée Tyl. Kazi hizo mbili zikaungana. Leo inaendeshwa na watu wa kujitolea kwa michango, msimbo wake umetolewa chini ya CC0, yaani wamejivua haki zote, na kwa maelezo yao wenyewe wanatoa picha zaidi ya bilioni moja kila mwezi. Bilioni moja! Kwa michango! Hata kazi ndogo ya kujua neno litachukua upana gani wameifikiria: wamepima upana wa kila herufi mapema na kuuweka kwenye jedwali, ili seva isipoteze muda kuupima kila inapochora. Huo ni ufundi wa watu wanaopenda kazi yao.

Lakini heshima haizuii uhakiki. Mwishoni mwa 2022 Shields ilibadilisha anwani ya beji inayoonyesha hali ya GitHub Actions. Ile ya zamani ilitumia jina la kazi. Mpya inataka jina la faili la kazi na tawi. Sababu za kiufundi zilikuwepo na zilielezwa. Kilichotokea kwa msomaji wa kawaida ni kwamba siku moja README nyingi zilizokuwa zikisema ujenzi umepita zilianza kuonyesha, ndani ya beji yenyewe, anwani ya majadiliano namba 8671 kwenye repo ya Shields. Wanaojua walibofya wakarekebisha mstari mmoja. Wasiojua waliona kitu kinachofanana na hitilafu na wakadhani mradi umevunjika, ilhali majaribio yalikuwa yanapita vizuri kabisa.

Mimi naona walifanya jambo sahihi kwa njia ya kikatili. Wangeiacha anwani ya zamani iendelee kutoa majibu yasiyoaminika, wangekuwa wanasambaza uongo wa kijani. Wakachagua kuivunja kwa kelele. Kati ya huduma zote nilizozitaja, ni wao walioonyesha kwamba wanajua tofauti kati ya picha na madai. Tatizo ni kwamba badiliko moja kwenye meza ya watu wachache wa kujitolea linagusa ukurasa wa mbele wa miradi isiyohesabika, na hakuna mkataba wowote kati yao.

Na kuna suala la tokeni. API ya GitHub humruhusu asiyejitambulisha maombi 60 tu kwa saa, na aliyejitambulisha 5,000. Shields ingemaliza 5,000 kabla hujamaliza kunywa chai. Kwa hiyo inakusanya tokeni kutoka kwa watumiaji wanaokubali kuichangia: unaipa ruhusa, nayo inaweka tokeni yako kwenye mfuko wa pamoja na kuzitumia kwa zamu. Ni harambee, kwa kweli. Inafanya kazi siku nyingi. Siku ambazo mfuko umekauka, beji zimewahi kuandika, badala ya idadi ya nyota, kwamba haikuwezekana kuchagua tokeni inayofuata. Msomaji anayejifunza programu kwa mara ya kwanza akikutana na maneno hayo juu ya ukurasa, ataelewa nini? Ataona mradi una shida, kumbe shida ni ya mfuko wa harambee uliopo mahali pengine kabisa.

Nilitaka kuishia kwenye seva zinazozimika, lakini kuna kesi moja ambapo seva ilikuwa hai na beji ilikuwa sahihi, na bado mambo yakaharibika. Beji ya kiwango cha majaribio haipatikani kwa kubandika anwani tu. Lazima mfumo wako wa majaribio utume ripoti kwa huduma inayohesabu, na mara nyingi unafanya hivyo kwa kupakua skripti yao na kuiendesha ndani ya mashine yako. Aprili 2021 Codecov ilitangaza kwamba skripti yake ya Bash ilikuwa imechezewa na mtu asiyeruhusiwa tangu Januari 31 mwaka huo. Skripti iliyochezewa ilichukua vigeu vya mazingira, mahali watu wanapoweka nywila na funguo, na kuvituma kwenye seva ya nje. Aliyeligundua alikuwa mteja aliyelinganisha alama ya hash ya skripti aliyoipakua na ile iliyochapishwa, akaona hazifanani. Kampuni ya HashiCorp ilisema ufunguo wake wa kutia saini matoleo ya programu ulikuwa miongoni mwa vilivyokuwa wazi, ikalazimika kuubadilisha. Kwa hiyo ukiona beji ya asilimia 94, kumbuka kwamba nyuma yake kuna programu ya mtu mwingine iliyoruhusiwa kuingia jikoni. Hilo halimaanishi usipime majaribio. Maana yake ni kwamba gharama ya beji si kilobaiti tu.

"Basi tumia ya GitHub yenyewe," utasema. Ni ushauri mzuri, na mimi pia ndio ningeutoa kwa mradi ulioko GitHub. Kila kazi ya GitHub Actions ina anwani yake ya beji inayoishia na badge.svg, hakuna mtu wa tatu, hakuna mfuko wa tokeni. Anayepima ndiye anayechora. GitLab nayo ina beji za namna hiyo. Ila usisinzie hapo.

Kwanza, beji hiyo kwa kawaida inaonyesha hali ya tawi kuu. Kama kazi hiyo haijawahi kuendeshwa kwenye tawi kuu, inaonyesha matokeo ya mwisho kutoka tawi lolote. Unaweza kuwa unasoma matokeo ya jaribio la mtu kwenye tawi ambalo halijaunganishwa. Dawa yake ni fupi, kuongeza jina la tawi kwenye anwani, lakini ni README chache zenye nyongeza hiyo.

Pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Miradi mingi ya kisayansi hupanga majaribio yaendeshwe kwa ratiba, tuseme kila Jumatatu, ili kugundua kama toleo jipya la NumPy au la R limevunja kitu. Wazo zuri sana. Lakini kwenye repo za umma GitHub husimamisha kazi za ratiba kama repo haijawa na shughuli kwa siku 60. Ikisimamishwa, hakuna jaribio jipya. Hakuna jaribio jipya, hakuna kufeli. Beji inabaki na matokeo ya mwisho, ambayo mara nyingi yalikuwa kijani. Mradi unakufa kimya na beji yake inaendelea kutabasamu. Kwa mwanasayansi, hii ni sawa na kipimajoto kilichogandia 36.8 kwa sababu betri imeisha.

Ungetegemea nini cha chini kabisa kutoka kwa kifaa cha kupimia? Kwamba kionyeshe lini kilipima. Beji ya kawaida haionyeshi tarehe. Muundo mzima, tangu 2013, una nafasi mbili: jina la kitu na hali yake. Ripoti yoyote ya maabara isiyo na tarehe ungeirudisha kaunta, lakini kwenye README tumeizoea. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja katika utamaduni huu wote, ningeongeza nafasi ya tatu, ya tarehe ya kipimo, na ningetaka rangi ipauke kadri siku zinavyopita, kama karatasi ya tangazo iliyobandikwa ukutani juani.

Kuhusu beji za mambo yasiyobadilika, leseni, lugha, lile la kuwakaribisha wachangiaji, lile la moyo mwekundu, sina mengi. Shields inakuruhusu kuandika maneno yoyote ndani ya anwani nayo inakuchorea. Sioni sababu ya kuiuliza seva ya mbali, mara milioni, neno MIT linaandikwaje. Chora mara moja, hifadhi SVG ndani ya repo, imekwisha. Afadhali zaidi, andika tu: leseni ni MIT.

Ukihifadhi ndani ya repo kuna mtego mmoja wa watu wa Python. PyPI inapoonyesha README yako haielewi njia fupi za mafaili ya ndani ya repo. Inataka anwani kamili. Na README ya kila toleo pale PyPI hugandishwa siku unapolipakia. Huwezi kuihariri bila kutoa toleo jipya. Maana yake ni kwamba anwani ya beji uliyoweka kwenye toleo la 2019 itaendelea kuombwa kutoka ukurasa huo miaka yote, iwe bado unaimiliki au la. Kwa hiyo unapochagua mahali pa kuhosti beji, usifikirie README ya leo tu unayoweza kuirekebisha kesho. Fikiria zile ambazo hutaweza kuzigusa tena.

Zipo beji mbili ambazo nikizikuta nasimama kidogo. Ya kwanza ni ya Zenodo, hifadhi ya kisayansi inayoendeshwa na CERN tangu 2013. Inaonyesha namba ya DOI. Hata picha ikivunjika, namba yenyewe ni utambulisho uliosajiliwa, na ukiibandika kwenye doi.org unafika kwenye nakala ya msimbo iliyohifadhiwa. Picha ni mapambo, ukweli unakaa mahali pengine palipojengwa ili kudumu. Ya pili ni beji ya mazoea bora ya OpenSSF, iliyoanzishwa 2016 chini ya Linux Foundation, baada ya kasoro ya Heartbleed ya 2014 kuwaonyesha watu kwamba OpenSSL, programu inayolinda sehemu kubwa ya mtandao, ilikuwa mikononi mwa watu wachache mno. Majibu mengi humo mwenye mradi anajijazia mwenyewe, na hilo ni udhaifu. Lakini ukibofya unakuta kila swali, kila jibu na mara nyingi kiungo cha ushahidi, kwa hiyo unaweza kumbishia. Beji za asilimia hazikupi mwanya huo hadi uchimbe.

Na kama unatunza repo yako mwenyewe, tuseme msimbo wa tasnifu ambao msimamizi wako ataufungua na labda mtu wa Nairobi au Mwanza ataurudia miaka mitano ijayo, kuna njia ya kati inayotosha. Shields ina aina ya beji inayosoma faili dogo la JSON kutoka anwani yoyote: namba ya muundo, jina, ujumbe, rangi. Faili hilo unaliweka kwenye tawi la repo yako, na kazi yako ya majaribio inaliandika upya kila inapomaliza. Kwa kuwa ujumbe unauandika wewe, weka na tarehe ndani yake: umepita, 12 Machi 2025. Shields ikizimika siku moja, picha itapotea lakini JSON itabaki kwenye historia ya repo pamoja na kila kipimo kilichowahi kufanyika, na mtu yeyote anaweza kuisoma kwa macho. Usijaribiwe kuendesha seva yako ya beji kwenye kompyuta iliyo chini ya meza ya maabara. Msimbo wa Shields unakuruhusu, ni rahisi kuuwasha, na siku utakapohitimu hakuna atakayejua ile mashine inayonguruma pale chini ni ya nini, ataichomoa achaji simu.

Kwa README za wengine, fanya hivi ukiwa na sekunde kumi: bofya beji. Ikikupeleka kwenye orodha ya majaribio, angalia tarehe ya la mwisho na tawi lililopimwa. Ikikupeleka kwenye ukurasa wa matangazo au wa kikoa kinachouzwa, rudi, na uisome README kama vile beji haikuwepo.